Ukae benchi nusu saa halafu uinuke upige nyeusi

Wadau wa pool, wale mnaojiona mafundi kwa sababu kila Ijumaa mnashika meza saa mbili mfululizo hamjatolewa, leo naomba niwavuruge kidogo. Ule ufundi wenu ni wa mkono wa moto. Mashindano ya timu yanachezwa na mkono wa baridi na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi naona nusu ya timu za mitaani zinazotolewa mapema hazijazidiwa kipaji, zimezidiwa kukaa.

Nieleze vizuri. Pale baa sheria inajulikana, mshindi anabaki, anayekuja ndo anaweka mia tano yake. Kwa hiyo ukishinda unaendelea, ukishinda tena unaendelea, ikifika fremu, yaani mchezo, wa tatu wa nne mkono umeshachemka, jicho limeshaizoea meza, unajua ile kona ya karibu na friji inavuta, unajua ukingo ule wa dirishani umekufa mpira haurudi, unapiga tu bila hata kuwaza. Na ukikosea si tatizo, mia tano imeenda, unaandika jina kwenye ubao unasubiri zamu unapiga stori.

Sasa sie huku Tanga tunajiandaa kwenda Dodoma kwenye mashindano ya timu, na mfumo wake ni huu: kila timu watu watano, kila mmoja wenu anakutana na kila mmoja wao, yaani 5 mara 5 fremu 25, timu inayowahi kufika 13 imeshinda, na mechi yote inachezwa kwenye meza moja. Hesabu mwenyewe. Ukicheza fremu yako unarudi kukaa, wenzako wanne wanacheza zao ndo zamu yako inarudi. Fremu ikiwa ya haraka ni dakika tano, wakianza kufungiana snuka, yaani kuzibiana mtu asiuone mpira wake, inafika kumi na zaidi. Kwa hiyo unakaa dakika ishirini mpaka arobaini, umekunja mikono, AC inakupuliza, halafu unaitwa jina unainuka na mpira wako wa kwanza ni wa kukata kutoka mwisho wa meza na ukikosa umempa mwenzio meza nzima. Hakuna kupasha. Hakuna fremu ya pili ya kurekebisha. Ni hiyo hiyo.

Hicho ndo tunachofanyia mazoezi sasa hivi, kuliko kingine chochote.

Timu yetu yenyewe ni hivi: fundi simu, dogo wa chuo, jamaa wa bodaboda, dada mmoja anauza samaki, na mzee wetu mstaafu ambaye alikuwa anacheza pool wakati dogo hajazaliwa. Mimi ni wa akiba na kapteni, cheo nimepewa kwa sababu nina daftari. Mwenye baa katupa meza asubuhi kabla hajafungua, bure, sharti tufagie na tusiguse spika. Basi tunavyofanya, hakuna anayecheza fremu mbili mfululizo. Kabisa. Wote mnakaa kwenye viti, naita jina, unainuka, unacheza fremu moja na mtu, unarudi kukaa, na ukikaa huuruhusu mkono wako kushika fimbo mpaka uitwe tena. Siku za kwanza walinichukia. Fundi simu ndo alilalamika zaidi maana yeye ni mtu wa kuchelewa kuwaka, fremu mbili za mwanzo anacheza kama kafungwa macho halafu ya tatu anakuwa mnyama, sasa kwenye mfumo huu fremu ya tatu haipo, kuna fremu ya kwanza mara tano.

Na humo humo ndo likatoka jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Dada wa samaki, ambaye Ijumaa usiku huwa anatolewa mapema tu na wale wazee wa mbwembwe, kwenye fremu za baridi ndo anaongoza kwenye daftari. Nimemuuliza siri yake akaniambia kaka mimi siku nzima nasubiri wateja, kusubiri ndo kazi yangu. Sina la kuongeza hapo.

Kitu kingine tumekazania ni mtu kuwa na utaratibu wake mmoja kabla ya kupiga, ule ule kila mara. Kupaka chaki, kusimama nyuma ya mpira uone mstari ukiwa wima, kuinama, kuchezesha fimbo mara mbili tatu, kutulia, kupiga, na kubaki chini mpaka mpira ufike. Inaonekana kitu cha kitoto lakini angalia mtu akipata presha anafanya nini: anaruka hatua. Anapaka chaki huku ameshainama, anapiga huku kichwa kinapanda kuangalia kama imeingia, na kubwa kuliko yote anabana fimbo. Mkono wa nyuma ukibana, fimbo inainuka au inakwenda pembeni, na mpira ambao baa unauingiza ukiwa unaongea na simu unagonga mdomo wa shimo na kutoka. Kwa hiyo namwangalia mtu vidole vya nyuma tu, siangalii hata mpira umeingia au la. Bodaboda ndo mwenye tatizo hilo, anashika fimbo kama ameshika mafuta ya pikipiki, nikimwambia legeza analegeza mpira mmoja halafu anarudi pale pale, ila anajitahidi.

Haya tuje kwenye meza, hapa watu wa pwani nisikilizeni vizuri. Huku kwetu hewa ina unyevu, kitambaa cha meza kinanyonya ule unyevu na jioni mpira unatembea mzito, umezoea kupiga kwa nguvu ndo nyeupe, ule mpira unaopigwa na fimbo, ifike. Dodoma ni kukavu. Na mashindano mara nyingi wanaweka kitambaa kipya. Kitambaa kipya na hewa kavu maana yake mpira unateleza na unakimbia, ukipiga ile nguvu yako ya Tanga nyeupe inazunguka meza nzima inatafuta shimo la kuingia, na ukiirudisha nyuma inarudi mara mbili ya ulivyotaka. Kitambaa chetu cha baa kimechoka mpaka kina mstari mweupe pale mipira inapopangwa, kuna na tundu la sigara. Kujiandaa kwenye hicho peke yake ni kujidanganya. Tumeongea na jamaa mmoja ana ukumbi amebadilisha kitambaa juzi juzi, tunaenda kwake mchana kukiwa na watu wachache, tunalipia koini kama wateja wengine, na kazi ya kule ni moja: kupiga polepole. Yaani unaweka nyeupe mwisho huku, unaipiga iende ukingo wa mbali irudi isimame karibu na ukingo wa kwako, bila mpira mwingine wowote. Dogo aliona ni mazoezi ya kipumbavu mpaka nyeupe yake ilivyorudi ikagonga na kuondoka tena.

Halafu nyeupe yenyewe. Wengi hawajui kwamba kwenye hizi meza za koini nyeupe inarudi yenyewe ikitumbukia wakati zile nyingine zinabaki ndani, na meza inazitofautisha kwa njia ya saizi au sumaku. Kwenye meza za staili ya Uingereza mipira ya rangi ni inchi 2 na nyeupe ni inchi 1 na 7/8, ndogo kidogo, inapitia mlango wake. Meza nyingine nyeupe ni saizi sawa ila ina kitu ndani kinachovutwa na sumaku. Sasa nyeupe ndogo ni nyepesi, inarudi nyuma kirahisi sana lakini ukitaka iufuate mpira mbele inagoma, inakosa uzito wa kusukuma. Ukihama kutoka nyeupe moja kwenda nyingine siku hiyo hiyo ya mechi bila kujua utajiuliza mkono wangu umerogwa na nani. Kwa hiyo kitu cha kwanza tukifika ukumbini, kabla ya kusalimiana na watu na kupiga picha, ni kuishika nyeupe ya pale na kuilinganisha na mpira wa rangi. Nimeliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Sheria nazo. Baa kila baa ina sheria zake, kuna ya shuti mbili za faulo zinabebwa, kuna ya hazibebwi, kuna baa moja hapa ukitumbukiza nyeusi, ule mpira wa kumalizia, kwenye shimo tofauti na ulilotaja unanunua soda. Mashindano mengi sasa ni blakibol, nyekundu 7, njano 7 na nyeusi moja, na kuna vitu viwili vinaua watu wa mitaani. Cha kwanza, ukishagusa mpira wako lazima mpira wowote uingie au angalau mpira mmoja ufike ukingoni, usipofanya hivyo ni faulo, labda kama ulikuwa umefungiwa snuka. Sasa ule mchezo wetu wa kusogeza kidogo tu, unaugusa mpira wako kwa upole ubaki mdomoni unamziba mwenzio, mzee wetu ndo bingwa wa huo mchezo na kaujenga maisha yake yote, kule ni faulo. Kumbadilisha mzee ni kazi. Kasema mwenyewe mimi sheria hii siipendi, nikamwambia mzee shikamoo, hata mimi siipendi, lakini refa hatatuuliza. Sasa hivi anausogeza mpira wake halafu anahakikisha nyeupe inaenda kugusa ukingo, na nadhani akifika Dodoma atakuwa hatari kuliko alivyokuwa, kwa sababu akili ya kujificha anayo na sasa ni halali.

Cha pili ni faida ya faulo. Mwenzio akifanya faulo unapata shuti huru, nyeupe unaweza kuipigia ilipo au kuipeleka nyuma ya mstari wa kuanzia, na kwenye shuti hilo moja unaruhusiwa kuanza kugonga mpira wowote, hata wa kwake, halafu zamu yako inaendelea. Watu wetu wakipewa shuti huru wanakimbilia kuingiza mpira ulio rahisi. Hapana bana! Ule rahisi utakuwepo tu. Shuti huru ni la kuvunjia pale palipogandana, au kutoa mpira wa kwake unaokuzibia shimo. Tunafanya zoezi la hivyo, napanga mipira mitatu minne imegandana ukingoni, nakupa shuti huru, ukiingiza mpira rahisi ukauacha ule mrundikano umeshindwa zoezi hata kama ulimaliza meza.

Breki nayo, lile shuti la kufungua mchezo, lazima uingize mpira au mipira isiyopungua miwili ivuke mstari wa katikati wa meza, kwa hiyo ile breki ya uoga ya kugusa pembeni haipo. Hapa hatuna shida, watu wa Tanga kwa kupasua tumejaliwa.

Sasa benchi. Narudi benchi kwa sababu naona ndo panapoamua. Baa mtu akiwa anapiga kila mtu ni kocha, piga dabo, acha hiyo, kata nyembamba, wewe vipi! Kwenye mashindano mchezaji akiwa mezani haruhusiwi kupewa maelekezo, refa akisikia mmeumia. Kwa hiyo tunajifunza kufunga mdomo, na nawaambia ukweli kwa Mswahili hili ni zoezi gumu kuliko snuka ya kingo tatu. Bodaboda hawezi. Tumempa karanga. Siyo utani, anakula karanga muda wote ili mdomo uwe na kazi, na inasaidia. Na siyo mdomo tu, uso pia. Mwenzio akikosa mpira mwepesi halafu anageuka anaona watu wanne wameshika vichwa, ile fremu yake inayofuata imeshaisha kabla hajaicheza, atakaa nayo nusu saa nzima inamtafuna. Tumekubaliana mtu akikosa anapokelewa kama aliyeingiza, mkono, maji, kiti. Fundi simu anasema huo ni unafiki. Sawa, ni unafiki wa kazi.

Kama mnataka kuona hiki kitu kwa wakubwa tafuteni YouTube zile mechi za Mosconi Cup, Ulaya na Marekani, wanacheza mipira tisa na meza yao ni kubwa kuliko zetu, ila presha ya timu ni ile ile. Ilianza 1994, siku hizi timu ni watu watano, wa kwanza kufika pointi 11. Kuna saa ya sekunde 30 kwa kila shuti na mashabiki wanaimba kama uwanja wa mpira. Ulaya ilichukua mara nane mfululizo, 2010 mpaka 2017. Wamarekani wakamchukua kocha Mholanzi, Johan Ruijsink, ambaye zamani alikuwa anawapigisha kwata akiwa upande wa Ulaya. Mwaka wake wa kwanza nao, 2017, walichapwa 11-4. Wakamwacha aendelee. 2018 pale London wakashinda 11-9. Mimi nikiangalia zile mechi siangalii sana meza, naangalia waliokaa. Ukiangalia namna mtu anavyokaa unaweza kubashiri anavyokuja kupiga.

Suala la bia sasa, maana najua mnasubiri. Pool ya Tanzania na bia ni ndugu, mashindano ya taifa yenyewe kwa miaka mingi yalidhaminiwa na Safari Lager, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu hapa. Fundi simu anasema bila mbili za kutoa baridi mkono unatetemeka. Na ni kweli nimeona, akipata mbili anatulia. Shida ni kwamba mechi inaanza asubuhi na inaweza kwenda masaa manne, na ukishinda kuna nyingine mchana. Mbili za saa tatu asubuhi zinazaa nyingine mbili, na ikifika fremu ya 20 huyu mtu anaona nyeusi mbili. Sikumkataza, mtu mzima huwezi kumkataza, nilichofanya ni kumwandikia kwenye daftari fremu zake za asubuhi bila kitu na za jioni akiwa nazo, nikamwonyesha. Mwanzoni za asubuhi zilikuwa mbaya kweli. Sasa hivi zimelingana. Kaangalia, kanyamaza, karudisha daftari.

Na mzee wetu anakunywa dawa za presha, dogo akaja na habari kasoma mtandaoni kwamba kuna dawa za presha zimepigwa marufuku kwenye mchezo wetu. Nikacheka, kumbe kweli, WADA, wale wa dunia wanaopambana na dawa michezoni, wamezuia zile za kundi la beta-bloka kwenye michezo yote ya billiards wakati wa mashindano, sababu zinapunguza mapigo ya moyo na kutuliza mtetemeko wa mkono. Tukaenda na mzee mpaka kwa mfamasia, akasoma boksi, za mzee ni amlodipini, haimo kwenye hilo kundi. Najua kwenye level yetu hakuna atakayekuja na chupa ya mkojo, lakini mzee alivyotoka pale duka la dawa alikuwa anatembea kifua mbele kama mwanamichezo wa Olimpiki.

Kinachotugawa mpaka leo ni mpangilio. Namba 1 anacheza fremu ya 1, 6, 11, 16 na 21. Namba 5 anacheza ya 5, 10, 15, 20 na 25. Ukimweka mtu wako mkali namba 5 umejilinda na fremu ya 25, ile ya kumi na mbili kwa kumi na mbili, lakini inawezekana kabisa mechi ikaisha kwenye ya 21 au 22 na yeye bado amekaa na fimbo yake, amecheza mara nne tu. Ukimweka namba 1 atacheza nyingi kadri inavyowezekana na atawapa wengine moyo, ila ikifika mwisho kabisa hayupo. Dogo anataka namba 5 kwa sababu dogo anataka video. Fundi simu anasema namba 1 na 2 ndo wawe wakali, tuwaache mbali mapema, wakiwa nyuma 6-2 watajimaliza wenyewe. Hoja yake siyo mbaya.

Mimi nimeamua hivi na daftari ndo limeamua. Fundi simu namba 1, kwa sababu ndiye anayechelewa kuwaka na namba 1 peke yake ndiye anaweza kupasha kwenye meza ya mazoezi mpaka dakika ya mwisho kabla mechi haijaanza kisha akaingia moja kwa moja mkono ukiwa bado una moto. Dogo 2. Mzee 3, maana wa tatu ndiye anacheza fremu ya 13 na ya 23, pale mechi inapoanza kunuka, na mzee hanuki jasho. Bodaboda na karanga zake 4. Na namba 5 ni dada wa samaki.

Kulikuwa na mnong'ono, siwezi kusema hakukuwa. Kuna mdau wa pale kijiweni, wala siyo wa timu, akasema fremu ya mwisho unampa mwanamke? Dada alikuwepo. Akamwambia kaka leta mia tano yako hapo mezani. Sasa sharti langu ni kwamba kwanza akae, nikamkalisha nusu saa kwenye kiti huku huyo jamaa anapasha na watu, anachemka, anaingiza kila kitu. Halafu nikamwita. Alimwachia jamaa mipira minne mezani.

Basi la Dodoma tunapanda Alhamisi, Segera, Chalinze, Morogoro, tutafika jioni migongo imekufa, mechi ya kwanza ni Jumamosi. Ijumaa yote tunayo. Kwa hiyo wadau wa Dodoma, tunatafuta meza ya koini yenye kitambaa kipya, siyo lazima iwe ya mjini katikati, ambayo mwenyewe ataturuhusu tukae tu kwenye viti muda mrefu tukiinuka mmoja mmoja. Koini tunalipa, na soda tutanunua.